Umejuaje? Kumfundisha mtoto mdogo kutabiri kwa kutazama picha

"Unadhani nini kitatokea?" Hilo ndilo swali tunalolipenda wengi wetu tunapomsomea mtoto kitabu cha picha. Ni swali zuri, ila mara nyingi tunaishia hapo hapo. Mtoto anasema "ataanguka", sisi tunasema "haya, tuone", tunafunua ukurasa, safari inaendelea. Katika miaka yangu ya kufundisha chekechea nimefika mahali pa kuamini kwamba jibu la swali hilo lina thamani ndogo kuliko jibu la swali linalofuata, lile fupi kabisa: "Umejuaje?"

Kutabiri si kubahatisha. Mtoto anayetabiri huchukua kitu anachokiona kwenye picha, akakiunganisha na kitu anachokijua tayari, ndipo anasema kitakachofuata. Puto linapeperuka kuelekea kwenye miiba: hilo analiona. Miiba hutoboa: hilo analijua. Basi puto litapasuka. Kimoja kati ya hivyo viwili kikikosekana, utabiri hauji, na aghalabu kinachokosekana ni kile cha pili. Mtoto ambaye hajawahi kuona theluji wala kusimuliwa habari zake hawezi kukuambia kwamba sanamu ya theluji iliyochorwa juani itayeyuka, hata akiikodolea macho mchana kutwa. Kabla hujamwona mtoto ni mzito, jiulize kwanza kama kilichomo kwenye picha amewahi kukutana nacho.

Tuanze na picha yenyewe, maana nyingi hazifai kwa kazi hii. Watoto waliosimama kwenye mstari wakitabasamu hawana la kutabiriwa. Tafuta picha ambayo jambo linakaribia kutokea ila halijatokea: mpira uko hewani na dirisha liko mbele yake, ndoo imekaa nusu ndani nusu nje ya ukingo wa meza, mtoto anaendesha baiskeli huku ametazama nyuma. Mtoto wa miaka 3 mpe picha yenye dokezo moja, kubwa, lililo katikati. Wa miaka 5 anaweza kushindana na dokezo lililojificha pembeni. Si lazima kiwe kitabu. Picha ya gazetini, ya kwenye simu, au mchoro wako mwenyewe utatosha. Kama hujui kuchora, usijali, watoto hawana shida na mkono wako.

Ukishapata picha, usikimbilie utabiri. Anza na "Unaona nini?" na umwache mtoto ataje vitu, hata vile unavyoviona havina maana. Watu wazima tuna haraka ya kufika kwenye tukio, kwa hiyo tunaruka hatua hii, halafu tunashangaa kwa nini watoto wanajibu vitu vya angani. Asiyetazama vizuri atatabiri nini?

Kuna picha moja ninayoitumia mara kwa mara. Bibi amesinzia kwenye kiti cha kuegemea, miwani imeshuka hadi puani, kiatu kimoja kimemtoka mguuni, na mbwa mdogo amekinyemelea kile kiatu. Darasa zima huwa linasema jambo lile lile: mbwa atabeba kiatu. Sababu ziko wazi: mdomo wake uko wazi na mwili umejivuta kuelekea kiatuni. Siku moja msichana mmoja, mkimya kwa kawaida, akasema bibi ataamka kabla mbwa hajafika popote. Wenzake wakamcheka. Nikamuuliza amejuaje. Akaja mbele, akaweka kidole kwenye kikombe kilichokuwa juu ya meza, pembeni kabisa ya picha. Kikombe kilikuwa kinafuka mvuke. "Amelala sasa hivi tu," akasema. "Bado hajalala sana."

Picha ile nilikuwa nimeitumia na madarasa mengi, na mvuke ule sikuwahi kuuzingatia. Kama ningeridhika na jibu la kwanza, au kama ningesema "hapana, angalia mbwa", hoja nzuri kuliko zote zilizotolewa siku hiyo ingepotea. Kilichotokea kwenye ukurasa uliofuata wala si muhimu. (Mbwa alibeba kiatu.)

Kwa nini mtoto aone kitu ambacho mwalimu hakioni? Sababu mojawapo ni kwamba tunapowasomea, sisi macho yetu yako kwenye maandishi na yao yako kwenye picha. Mary Ann Evans na Jean Saint-Aubin walipofuatilia macho ya watoto wa umri wa miaka 4 hivi wakisomewa hadithi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, walikuta watoto hao hutazama maandishi kwa nadra sana. Muda wao karibu wote unaishia kwenye michoro. Maana yake, unapomaliza kusoma sentensi mbili za ukurasa, mtoto ameshautembelea ukurasa wote. Mpe nafasi akuambie alichokiona.

Na nafasi hiyo ni ya muda hasa. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alichunguza madarasa miaka ya 1970 akakuta kwamba walimu wakishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kuuliza tena, kumgeukia mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, watoto waliokuwa kimya walianza kusema, na sababu ziliongezeka ndani ya majibu. Sekunde 3 zinasikika kama si kitu. Jaribu mbele ya watoto ishirini wanaochezea soksi zao, utaona zinavyovutika. Mimi huhesabu kimoyomoyo huku nimeitazama picha badala ya kumtazama mtoto. Ukimkazia macho anayefikiri, atakupa chochote ili uondoke.

Madokezo nayo hufundishwa. Mtoto hazaliwi akijua kwamba mchoraji hakuweka wingu jeusi pale kwa bahati mbaya. Nawazoesha kuanza na nyuso, hasa macho: mhusika anatazama wapi? Kila mtu kwenye picha akitazama upande mmoja, kuna jambo upande huo, hata kama halijachorwa. Kisha miguu, kwa sababu vidole vya miguu huonyesha mtu anakokwenda hata kama uso umegeuka kwingine. Kisha mikono, imeshika nini na inakaribia kuachia nini. Baada ya hapo vitu vilivyokaa vibaya: mlango ulioachwa wazi, kamba ya kiatu isiyofungwa, nyayo za matope zinazoingia ndani wakati hakuna mtu anayeonekana. Nyayo huwapendeza sana, kwa sababu zinawalazimu kutabiri kurudi nyuma: nani alipita hapa, na sasa yuko wapi?

Kwa watoto wanaorukia jibu, funika. Chukua karatasi ngumu, kata tundu la ukubwa wa kiganja, uiweke juu ya picha. Waonyeshe mguu tu. Wakisema ni mtu anakimbia, sogeza tundu kidogo. Kumbe mguu uko kwenye kanyagio la baiskeli. Sogeza tena. Kumbe baiskeli imelala chini. Kila unaposogeza, uliza: bado unasema vile vile, au umebadilisha? Anayebadilisha kwa sababu ameona kitu kipya msifu waziwazi, mbele ya wenzake. Watoto wengi hudhani kubadilisha jibu ni aibu, na dhana hiyo wameitoa kwetu.

Ukurasa ukishafunuliwa, neno "umekosea" liweke kando. Sisemi hivyo kwa sababu ya kumbembeleza mtoto, bali kwa sababu pale anaposhangaa ndipo anapokuwa tayari kujifunza. Mwaka 2015 Aimee Stahl na Lisa Feigenson walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wachanga wa miezi 11. Watoto walioonyeshwa gari la kuchezea likionekana kupenya ukuta walipopewa gari hilo waliligonga-gonga. Walioonyeshwa gari likionekana kuelea hewani walipenda kuliangusha. Yaani mtoto asiyejua hata kusema sentensi, jambo likienda kinyume na alivyotarajia, huenda kulichunguza kwa namna inayolingana na kilichomshangaza. Sasa wa miaka 5 akishangaa, wewe unafunua ukurasa mwingine haraka haraka ili hadithi iishe? Rudi nyuma. Mrudishe kwenye picha iliyotangulia umuulize: "Kuna kitu kilitudokeza hapa tukakipita?" Mara nyingi kipo. Mara nyingine hakipo, mchoraji ametuhadaa kwa makusudi, na hilo nalo linastahili kusemwa.

Halafu wapo wale wa majibu ya simba. Picha ni ya mtoto anaoga, wewe umeuliza nini kitatokea, yeye anasema simba ataingia amle. Usimkaripie, na pia usimpe "vizuri sana" ya kumridhisha. Muulize tu: "Simba umemwona wapi kwenye picha?" Atatafuta. Asipomwona, mwambie kwa upole kwamba hiyo ni hadithi yake mwenyewe, tena tutaisikiliza baadaye, ila sasa tunatafuta kile picha inachotuambia. Kubuni na kutabiri vyote viwili anavihitaji, lakini ajue lini anafanya kipi. Na kweli msikilize baadaye, kama ulivyoahidi.

Asiyependa kusema si lazima aseme. Mwache aonyeshe kwa kidole, au mpe njia mbili achague: ataanguka, au atashika tawi? Au mpe karatasi achore ukurasa unaofuata kabla hujaufunua. Michoro hii imenifunza mengi kuhusu watoto niliodhani hawafuatilii.

Usilitumie swali hili kila ukurasa. Hadithi inayokatizwa kila mara humchosha mtoto, na mimi mwenyewe hunichosha. Vituo viwili au vitatu vinatosha kwa kitabu kifupi: jalada, mahali ambapo tatizo limejitokeza, na kabla tu ya mwisho. Akitaka kitabu kile kile usiku wa pili na wa tatu, kama watakavyo wote, kutabiri kumekwisha kwa sababu anakumbuka. Geuzeni zamu: yeye ashike kitabu na akuulize wewe. Nawe ujibu kwa sababu, usiseme "nimejua tu", kwa maana atakuiga.

La mwisho ni onyo kwa wenye watoto wanaoanza kusoma herufi, maana hapa naona mambo mawili yakichanganywa. Kutumia picha kutabiri tukio ni jambo moja. Kutumia picha kukisia neno lililoandikwa ni jambo jingine kabisa, na silishauri. Mtoto anayeona mchoro wa farasi akasoma "farasi" pale palipoandikwa "punda" hajasoma, ametazama. Wakati wa kusoma maneno mimi hufunika picha kwa kiganja, tunaziunganisha sauti za herufi mpaka neno litoke, ndipo naondoa mkono tuone kama picha inakubaliana nasi. Zungumzeni picha kwanza, zimalizeni, kisha mhamie kwenye maandishi, au fanyeni kinyume chake. Kwa wakati mmoja, hapana.