Papa zimwi na korongo: kasi si hoja

Mmeuliza wiki hii: kati ya papa zimwi wa kina kirefu na korongo, shambulio la nani lina kasi zaidi? Naona kasi peke yake haijazi tumbo. Afadhali tuulize nani anafika kwenye windo huku mwili umetulia.

Papa zimwi, Mitsukurina owstoni, ana misuli tepetepe na ini lililojaa mafuta. Akisema amkimbize samaki, kazi bure. Kwa hiyo hutuma taya.

Tazameni picha za video zilizopigwa Japani mwaka 2008 na 2011, zenye mashambulizi 5. Zitazameni polepole, tena na tena. Kwanza kinywa kinaachama hadi nyuzi 111 au hata 116. Kisha taya zinafyatuka kama manati, kasi ikifika mita 3.1 kwa sekunde, na kutokeza mbele kwa asilimia 8.6 hadi 9.4 ya urefu wa mwili. Papa wa mita 3 anajipatia sentimita 26 hadi 28 bila kupiga mkia. Meno ya mbele, membamba kama sindano, yanashika. Halafu linakuja jambo linalowapita wengi: taya zikiwa njiani kurudi, kinywa kinafunguka tena na kujifunga mara ya pili. Ukitazama kwa kasi ya kawaida huoni kitu, unaona samaki hayupo tu.

Hadi hapa kura yangu ni ya papa. Tatizo ni korongo.

Naye ana manati yake: shingo iliyokunjwa kama herufi S, pingili ya 6 ikiwa ndefu na kufanya kazi ya kiwiko. Ila yeye yuko hewani, samaki yuko majini, na nuru hupinda. Samaki aliye kina cha sentimita 20, akitazamwa wima kutoka juu, huonekana yuko 15. Kwa mshazari kosa huzidi. Akidonoa pale anapomwona, mdomo unapita juu ya mgongo wa samaki, ndiyo maana korongo wachanga hukosa kuliko wakubwa. Papa hana hesabu hiyo: yumo maji mamoja na windo, na pua yake ndefu hutambua umeme hafifu wa miili hai.

Basi nampa korongo, kwa shingo upande. Mashambulizi 5 mbele ya wazamiaji wenye kamera ni machache mno kumhukumu mnyama anayeishi gizani, mamia ya mita chini, ilhali korongo tunamtazama mchana kweupe.