Kujenga ghorofa 15 katikati ya majengo mawili: paili au rafti?

Ndugu, umesema kiwanja kimebanwa na majengo pande zote mbili na kontrakta anataka kupigilia paili (nguzo ndefu za msingi zinazoshuka chini ardhini) kwa nyundo, mimi nakwambia mapema kabisa usikubali, mtikisiko ule unapasua kuta za jirani halafu kesi inakuwa yako. Tumia paili za kuchimba kwa mashine ya kuzungusha kisha zinamwagiwa zege, mtikisiko wake ni mdogo sana.

Ila hata hilo la paili au rafti (bamba nene la zege chini ya jengo zima) huwezi kuamua kabla ya kupima udongo, na upimaji ushuke mpaka chini ya pale ncha za paili zitakapoishia, watu wengi wanabania hapa na inaniuma kweli. Cheki Millennium Tower ya San Francisco, ghorofa 58, lilikamilika 2009, paili zake ziliishia kwenye mchanga mgumu bila kufika mwambani, jengo likazama zaidi ya sentimita 40 na likainama.

Kama kuna bezimenti, yaani ghorofa la chini ya ardhi, basi kuwa makini zaidi na maji. Ukiyapampu ovyo kina cha maji kinashuka mpaka kwa jirani, udongo wake unajikaza na msingi wake unatitia, kwa hiyo jenga kwanza ukuta wa paili zinazoingiliana kuzunguka shimo ili uzuie maji, ndo uanze kuchimba. Nyufa za majirani zipigwe picha zenye tarehe kabla mashine haijaingia, na wao wawepo washuhudie.