Mayai yaliyobaki baada ya vifaranga kutoka

Dada uliyeuliza kutoka Bagira, Bukavu, hayo mayai sita usiyatupe bado. Unasema kuku ameangua vifaranga vitatu na sasa anataka kushuka kiotani. Kosa si lake, ni la wenzake waliokuwa wanaingia kutagia humo humo. Yai la kuku linataka siku 21 chini ya mama, na lililoongezwa juma moja baadaye litachelewa juma moja. Yeye akishasikia vifaranga vinalia, hangojei.

Usiku huu zima taa, weka yai juu ya tochi ya simu, ule upande mnene wenye hewa. Mwanga ukipita kote, njano tupu, halina kitu. Ukiona mishipa myekundu imetambaa kama mizizi, mtoto yumo. Likiwa jeusi karibu lote, huenda amekaribia kutoka. Yenye uhai, yaingize polepole chini ya kuku mwingine anayelalia, kama jirani anaye. Lakini ufanye leo, maana baridi ya usiku ya Bukavu haina huruma. Linalonuka litoe kabla halijapasuka.

Mara ijayo mtenge na wenzake, mayai kumi hivi yanamtosha, na uyatie alama ya penseli. Jioni ondoa lolote lisilo na alama. Majani ya kiota badilisha kabla hajaanza kulalia: utitiri unafukuza kuku wengi kwenye mayai, halafu watu wanasema eti ni mvivu. Maji na mahindi viwe karibu, ila si ndani ya kiota.