Maswali ya Jikoni: Chokoleti ya Korosho na Chumvi

SWALI: Nimetengeneza chokoleti nyeusi ya korosho nikanyunyizia chumvi ya mawe juu. Kesho yake nilipoitoa kwenye friji, chumvi iligeuka matone ya maji. Chokoleti nayo ina madoa meupe, na ukitaka kuivunja inapinda tu. Kosa liko wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Makosa ni mawili, kila moja na lake.

Ndani ya chokoleti karibu hamna maji, ndiyo maana chembe ya chumvi ikizama humo hubaki chembe. Maji yako yametoka hewani. Kitu cha baridi kikitolewa kwenye friji katika joto la Tanga hutoka jasho papo hapo, na chumvi ya mawe isiyosafishwa sana hufyonza unyevu upesi. Kwa hiyo chumvi ya juu iwe ya pambo tu. Iliyobaki ifiche kwenye korosho.

Kwa chokoleti gramu 300, chukua korosho zilizobanguliwa gramu 150 na chumvi laini nusu kijiko cha chai. Koroga chumvi katika kijiko kikubwa kimoja cha maji ya moto, changanya na korosho, kisha zikaange bila mafuta kwa moto mdogo, ukigeuza bila kuacha, mpaka zikauke na kupiga rangi ya dhahabu. Ziache zipoe kabisa. Wengi huwa na haraka hapa, na korosho za moto ndizo huharibu kazi yote inayofuata.

Sasa madoa. Pitisha kidole: yakiyeyuka na kufutika ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu, yakibaki yanakwaruza ni sukari iliyoloa jasho la friji ikakauka. Kwa kuwa yako inapinda, nashuku mafuta. Mafuta ya kakao huganda kwa namna kadhaa, na huwa magumu yenye kung'aa pale tu yanapopozwa kwa utaratibu.

Katakata chokoleti yote. Yeyusha gramu 200 kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, bakuli lisiguse maji, mpaka ifike nyuzi 45 hadi 50. Ondoa, ufute chini ya bakuli, maana matone machache tu ya maji huifanya chokoleti iwe nzito kama ugali. Tia gramu 100 zilizobaki, ukoroge hadi ishuke nyuzi 31 au 32. Huna kipimajoto? Gusisha kidogo mdomoni: iwe ya ubaridi kidogo, si ya uvuguvugu. Changanya na korosho, mimina kwenye karatasi ya kuokea, na nyunyizia chumvi ya juu mng'ao wa maji unapoanza kufifia. Ukiwahi itazama, ukichelewa itadondoka. Chumba cha nyuzi 30 hakigandishi, kwa hiyo iweke kwenye friji dakika 15, kisha kwenye kopo lenye mfuniko mkazo. Ukilirudisha friji, siku ya kula litoe, ila usilifungue mpaka ubaridi wake uishe.

SWALI: Naweza kutumia chokoleti ya maziwa na karanga za dukani zenye chumvi?

JIBU: Ndiyo, ila ishushe hadi nyuzi 29 au 30, na usiongeze chumvi kabla ya kuonja karanga. Soma pakiti pia: ikiandikwa mafuta ya mawese badala ya siagi ya kakao (yaani mafuta ya kakao), usisumbuke na nyuzi hizo. Yeyusha, changanya, gandisha.