Maswali na majibu: "Kwenye Chrome yangu iko sawa"

Ukiuliza, taja simu, kivinjari na toleo lake. "Imevurugika kwa mteja" si swali.

Ukurasa wetu wa malipo una kitufe cha "Lipa" chini kabisa. Kwenye kompyuta kinaonekana, hata nikibana dirisha lilingane na simu. Kwa wenye iPhone kinazama chini ya kioo. Nimetumia height: 100vh (urefu wote wa dirisha). (Mwanza)

Kubana dirisha hakuigeuzi kompyuta kuwa iPhone. Unachobadilisha ni upana tu. Injini, yaani sehemu inayochora ukurasa, inabaki ya Chrome, na ule upau wa anwani unaojificha na kurudi haupo. Kwenye simu, 100vh hupimwa kana kwamba upau umeshajificha. Ukurasa unapofunguka upau upo, kwa hiyo kisanduku chako kinakuwa kirefu kuliko sehemu inayoonekana, na kinachokatwa ni cha chini, yaani hela yako.

Andika mistari miwili, kwa mpangilio huu:

min-height: 100vh;
min-height: 100svh;

svh hupima urefu upau ukiwepo. Kivinjari kisichoijua, yaani Safari kabla ya 15.4 au Chrome kabla ya 108, kitauruka mstari wa pili na kubaki na wa kwanza. Ukiigeuza, vh itashinda kila mahali na utakuwa hujafanya kitu. Wapo watakaokushauri dvh. Hiyo hufuata upau unavyopanda na kushuka, na vitu hurukaruka mtu anaposogeza ukurasa. Kwenye malipo siitaki.

Tena usiniambie "hata Chrome ya iPhone ina kasoro hiyo". Chrome unayopakua kwenye iPhone huendeshwa na WebKit, injini ileile ya Safari. Umepima kitu kimoja mara mbili.

Tovuti yangu inaonekana ndogo mno kwenye simu, maandishi hayasomeki. (Wengi)

Weka hii kwenye head: <meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">. Bila mstari huo simu hudhani ukurasa una upana wa pikseli 980 na kuukunja utoshe. Sitalijibu tena.

Mfumo wetu wa PHP uko sawa kwenye kompyuta yangu. Kwenye seva, maandishi ya ndani ya majedwali yanakuwa makubwa kuliko mengine, vivinjari vyote. Ni kivinjari gani chenye tatizo? (Morogoro)

Hakuna. Kasoro ikitokea kwenye vivinjari vyote, acha kuvisingizia.

Fungua konsoli ya kivinjari (F12), andika document.compatMode, bonyeza Enter. Ukiona CSS1Compat, tafuta kwingine. Ukiona BackCompat, ukurasa wako umeangukia hali ya kizamani, ambamo kivinjari huiga makosa ya vivinjari vya miaka ya 1990 ili tovuti za enzi hizo zisivunjike. Mojawapo ya tabia za hali hiyo ni jedwali kutorithi ukubwa wa herufi: body umeipa 14px, jedwali linarudi 16px.

Sasa bonyeza Ctrl+U uangalie kilichotangulia <!DOCTYPE html>. Nafasi na mistari mitupu haina madhara. Herufi hata moja inatosha kuuangusha ukurasa kwenye hali hiyo. Mara nyingi utakuta "Warning:" ya PHP, kwa sababu toleo la PHP la seva si la kwako. Weka display_errors = Off na log_errors = On kwenye php.ini, kisha soma logi urekebishe kilicholalamikiwa. Kuzima bila kusoma ni funika kombe mwanaharamu apite. Na ujue kwamba ujumbe huo umekuwa ukimwonyesha kila mgeni njia za mafaili yako ndani ya seva.

Nataka kusoma jina la kivinjari kwenye user agent (maandishi ambayo kivinjari hujitambulisha nayo) ili nilete CSS tofauti kwa kila kimoja. Niandikeje? (Nakuru)

Usiandike. Chrome ilipofika toleo la 100, Machi 2022, misimbo iliyozoea kusoma tarakimu mbili ilikuwa katika hatari ya kuiona kama toleo la 10. Uliza uwezo, usiulize jina: tumia @supports, sharti la CSS linalouliza kama kivinjari kinajua kitu fulani. Nayo ina mtego mmoja. Safari kabla ya 14.1 haijui gap (nafasi kati ya vitu) ndani ya flex, mojawapo ya njia mbili za kupanga vitu, nyingine ikiwa grid, lakini ukiiuliza kuhusu gap inajibu ndiyo, maana inaijua ndani ya grid. Hapo tumia margin, au hamia grid yenyewe.

Kwenye Windows ukurasa unacheza kushoto na kulia. Kwenye Mac umetulia. (Zanzibar)

Umeandika width: 100vw (upana wote wa dirisha). Upau wa kusogeza wa Windows hula pikseli kama 15 hadi 17, na vw haizitoi. Weka 100%. Usitibu kwa overflow-x: hidden kwenye div inayobeba ukurasa wote, kichwa chako chenye position: sticky kitaacha kuganda.

Menyu yangu haieleweki kwenye Opera Mini. Niwaambie wateja wapakue Chrome? (Kigoma)

Hapana. Aliyechagua Opera Mini anahesabu MB zake. Katika hali ya kubana data kwa nguvu, ukurasa huchorwa kwenye seva za Opera, simu ikapokea matokeo tu. JavaScript haiishi kwenye simu. Mguso unaoihitaji hurudi seva kwanza. Kwa hiyo menyu inayoteleza kwa madoido haina kazi hapo, position: fixed haishiki, na aikoni za fonti hugeuka visanduku vitupu.

Fanya neno "Menyu" liwe kiungo cha kawaida, href="#menyu", kinachoshuka kwenye orodha chini ya ukurasa. Fomu iwe na action na kitufe halisi cha submit. Pale ulipoweka aikoni, andika neno.

Mtu akigusa kisanduku cha namba ya simu kwenye iPhone, ukurasa unajikuza. Niweke user-scalable=no? (Mombasa)

Safari inaipuuza tangu iOS 10, na kwingineko unamnyima mwenye macho dhaifu nafasi ya kukuza. Kipe kisanduku font-size: 16px au zaidi; ukurasa hujikuza herufi zikiwa chini ya hapo.