Kila askari ana jina: kwa mnaoanza kutengeneza gemu

Wadogo zangu, wengi wenu mnakuja na kompyuta mkononi mkitaka kunionyesha picha. Mmechora shujaa, mmempa upanga unaong'aa, mvua inanyesha nyuma yake. Swali langu huwa moja: huyu akifa, mchezaji anapoteza nini? Hapo wengi hunyamaza. Ndiyo maana kila ninayemfundisha namwomba kwanza akae na gemu moja ya Kijapani iliyozeeka kuliko yeye mwenyewe.

Inaitwa Fire Emblem: Ankoku Ryū to Hikari no Tsurugi, yaani Joka la Giza na Upanga wa Nuru. Ilitoka Japani tarehe 20 Aprili 1990 kwa mashine ya Famicom ya Nintendo, na studio iliyoitengeneza ni Intelligent Systems. Aliyeibuni na kuiandikia hadithi ni Shouzou Kaga. Mtayarishaji alikuwa Gunpei Yokoi, yule aliyeongoza kazi ya kuunda Game Boy, mashine ya gemu ya kushika mkononi, na muziki ni wa Yuka Tsujiyoko. Unamwongoza Marth, mwana wa mfalme aliyekimbia kwao Altea, akikusanya jeshi lake kidogo kidogo katika sura 25 mpaka akabiliane na joka Medeus. Ukiitazama leo utaona vijisanamu vinavyosogea kwenye miraba, na utashawishika kuizima baada ya dakika tano. Vumilia.

Mwaka 1988 studio hiyo hiyo ilikuwa imetengeneza Famicom Wars, gemu ya vifaru na ndege ambamo unateka miji, unapata fedha, unanunua vikosi. Kikosi kikiteketea, unanunua kingine, na hakuna wa kumlilia. Upande wa pili kulikuwa na gemu kama Dragon Quest ya mwaka 1986, zenye hadithi ndefu na shujaa anayekua kwa kila pambano, lakini zisizokudai upange jeshi kwenye ramani. Kaga alikaa katikati ya hizo mbili. Akabakiza ramani na kusogeza askari kwa zamu, akaliondoa lile duka la askari, halafu kila anayebeba silaha akampa jina, sura na sababu ya kuwa vitani. Na anayekufa hufa kweli. Sura inayofuata hayupo, wala maneno ambayo angeyasema hutayasikia. Karibu na mwisho ipo fimbo moja ya kufufua, na inamrudisha mtu mmoja tu. Kaa uwatafakari wote uliowapoteza, halafu uchague.

Nataka mtazame jambo moja kwa karibu. Mapema kwenye mchezo yupo mpiga upinde wa upande wa adui anayeitwa Castor. Mama yake ni mgonjwa na yeye anatafuta fedha za matibabu. Anayeweza kumvuta aje upande wako ni Caeda, binti wa mfalme anayepanda farasi mwenye mabawa, na inabidi amsogelee mpaka wawe miraba ya jirani ndipo wazungumze. Sasa kumbukeni kanuni ya gemu hii: mshale humuumiza vibaya kila anayeruka. Kwa hiyo Kaga anamtuma msichana anayeruka amwendee mtu ambaye silaha yake ndiyo hatari kubwa kuliko zote kwake. Hakuna filamu fupi inayokueleza kwamba Caeda ni jasiri. Unauona ujasiri wake pale unapohesabu miraba huku umeshikilia kitufe, ukijiuliza kama zamu yako itatosha kumfikisha. Miaka yote niliyofanya kazi hii sijaona mfano mzuri zaidi wa hesabu na hadithi kuwa kitu kimoja.

Mimi somo hili nililipata kwa vizibo. Gemu yangu ya kwanza niliijaribia kwenye ubao wa drafti, vizibo vya soda vikiwa askari, kwa sababu sikutaka kuandika programu kabla sijajua kama mchezo una ladha. Vijana wawili wakacheza jioni nzima. Walikuwa wanatoa vizibo kafara bila kusita, wakacheka, wakaenda zao. Usiku nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika jina juu ya kila kizibo: Mzee Kombo, Asha, Fundi Juma. Kanuni sikugusa hata moja. Kesho yake vijana wale wale walichukua karibu mara mbili ya muda wa jana, na mmoja wao alilirudisha jeshi lake lote nyuma ili kumfunika Mzee Kombo aliyebakiwa na uhai wa pigo moja. Sikulala vizuri siku hiyo kwa furaha.

Namba nazo zichungeni. Marth anaanza na uhai wa 18. Nguvu, kasi na ulinzi haviruhusiwi kupita 20. Pigo ni nguvu ya askari ukijumlisha makali ya silaha yake, halafu unatoa ulinzi wa anayepigwa. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuifanya hesabu hiyo kichwani, na kwa kuwa anaweza, askari akifa anajua kosa ni lake. Wengi wenu mnapenda maelfu kwa sababu yanaonekana makubwa kwenye kioo. Mchezaji akishindwa kuhesabu atabahatisha, na anayebahatisha hana anachokijutia.

Yupo pia Jagen, mzee mpanda farasi anayekuja na Marth tangu mwanzo. Ana nguvu kuliko vijana wote, kwa hiyo mgeni humtuma yeye kila mahali. Lakini Jagen hakui kama vijana, na kila adui anayemuua anawanyang'anya vijana uzoefu ambao wangeuhitaji baadaye. Mchezaji hugundua hayo akiwa katikati ya safari, hakuna aliyemwambia. Mashabiki mpaka leo humwita mhusika yeyote wa aina hiyo, katika gemu yoyote, kwa jina la mzee huyu.

Kuhusu soko: mwanzoni haikuuzika vizuri. Iliinuliwa na wachezaji waliosimuliana wenyewe kwa wenyewe. Ukitoa kazi yako na wiki ya kwanza ikapita kimya, usiifute.

Na kuhusu mikataba, hapa nisikilizeni sana. Kaga aliondoka Intelligent Systems baada ya sehemu ya tano ya mfululizo wa Fire Emblem, Thracia 776 ya mwaka 1999, akaanzisha studio yake na mwaka 2001 akatoa Tear Ring Saga kwenye PlayStation. Mwanzo ilikuwa itumie neno Emblem katika jina lake. Nintendo ikaenda mahakamani. Dai la hakimiliki halikukubaliwa, lakini mchapishaji, Enterbrain, aliishia kuamriwa kulipa takribani yeni milioni 76 kwa ushindani usio wa haki. Mtu aliyeubuni ulimwengu ule hakuwa na ruhusa ya kurudi ndani yake. Kabla hujasaini popote, soma ule mstari unaosema wahusika na majina ni mali ya nani. Mimi niliwahi kusaini bila kusoma, kwa mwajiri mmoja wa zamani, na wahusika wanne niliowapenda sana sina haki nao tena.

Nje ya Japani gemu hizi hazikujulikana kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2001 Marth na mwenzake Roy waliingizwa kama wapiganaji katika Super Smash Bros. Melee, gemu ya mapigano ya Nintendo, wachezaji wa Marekani wakaanza kuuliza hawa ni nani, na mwaka 2003 Fire Emblem ya kwanza ya Kiingereza ikauzwa kwa Game Boy Advance. Ile ya 1990 yenyewe ilisubiri hadi Desemba 2020 kupata tafsiri rasmi ya Kiingereza kwenye Switch, mashine ya Nintendo, na mwishoni mwa Machi 2021 ikaondolewa sokoni. Miezi minne tu. Hilo linaniuma, maana ni kama kitabu cha kiada kufungiwa kabatini.

Mtakutana na ubishi kuhusu kifo cha kudumu, yaani askari akifa harudi tena. Mwaka 2010 studio iliongeza chaguo la askari kurudi sura inayofuata, na Fire Emblem Awakening ya mwaka 2012, iliyotengenezwa wakati mfululizo ukikaribia kusitishwa kwa mauzo duni, ikalibeba chaguo hilo na kuleta wachezaji wengi wapya. Wapo wanaoona ni usaliti. Mimi sioni hivyo. Mama mwenye nusu saa ya kucheza usiku hastahili kurudia ramani nzima kwa sababu ya mshale mmoja. Ninachowaomba ni kwamba mnapojenga, mjenge kwanza na kifo kikiwa kweli, mwone kama kinauma, ndipo mfikirie kukilegeza.

Jumamosi njooni na ubao wa drafti na vizibo 12, kila kimoja na jina lake na sentensi moja inayosema kwa nini yuko vitani. Kompyuta ziacheni nyumbani.