Jibu: Kwa nini kichaa cha ng'ombe kinapimwa machinjioni?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Ulaya walipima kichaa cha ng'ombe machinjioni badala ya kumtoa mnyama damu akiwa bado zizini. Ni kwa sababu hakuna kipimo cha damu kinachotegemewa kwa ugonjwa huu. Protini iliyoharibika, yaani prioni, hujikusanya kwenye ubongo, na huko hufiki mpaka mnyama achinjwe.

Kichwa kikishakatwa, mpimaji anaingiza kijiko chembamba chenye makali kupitia tundu la nyuma ya fuvu, pale uti wa mgongo unapoingilia. Anachota kipande kidogo cha shina la ubongo, anakipa namba ya ng'ombe yuleyule, kinakwenda maabara. Nyama inabaki imening'inia kwenye chumba cha baridi mpaka majibu yatoke. Haiuzwi hata robo kilo.

Mwaka 2001 Umoja wa Ulaya uliagiza ng'ombe waliozidi miezi 30 wanaochinjwa kwa chakula wapimwe. Japani mwaka huohuo wakaanza kupima wote, hata wadogo, na hapo naona walizidisha: ugonjwa hujificha miaka 4 au 5, kwa hiyo ng'ombe mchanga mwenye maambukizi anaweza kupita akionekana mzima. Kinachomlinda mlaji zaidi ni kuondoa ubongo na uti wa mgongo kwenye kila ng'ombe mkubwa, pamoja na marufuku ya kuwalisha unga wa nyama na mifupa. Na tafadhali usitegemee kuchemsha sana. Moto wa jikoni hauimalizi prioni.